Wazimu wa Kusingiziwa

Makureshi walipochoka kujadiliana na Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) hawakusema kuwa hoja zake ni dhaifu. Walisema ana wazimu. Qurani imelitaja neno lao hilo zaidi ya mara moja na kulirudi. Wala yeye hakuwa wa kwanza kuambiwa hivyo, kwani Nabii Nuhu aliambiwa na watu wake, na Nabii Musa (A.S.) aliambiwa na Firauni. Sababu ya madhalimu kulipenda neno hili ni nyepesi kuijua. Ukimwita mtu mwongo, itakubidi uuonyeshe uongo wake. Ukimwita mwizi, utaulizwa kaiba nini na kwa nani. Lakini ukimwita mwenda wazimu, na watu wakakubali, kazi yako imekwisha. Akilia, ni wazimu. Akikasirika, ni wazimu uliozidi. Akinyamaza, watasema sasa umempanda kichwani.

Nataka kuzungumza juu ya watu ambao silaha hii ilitumiwa juu yao kwa mihuri ya serikali na saini za matabibu. Nao ni wanawake wa Marekani na Ulaya, katika karne ya 19 na sehemu kubwa ya karne ya 20, waliotiwa katika nyumba za wendawazimu hali ya kuwa wengine akili zao ni timamu, na wengine wana maradhi ambayo hayakustahiki kufungiwa umri mzima. Wako ndugu zetu ambao wakisikia habari kama hizi husema: "Hayo ni ya Wazungu, sisi yatuhusu nini? Dini yetu imekwisha mpa mwanamke haki zake." Neno lao la pili ni kweli. La kwanza ni uvivu, na nitalijibu, lakini kwanza tuzisikie habari zenyewe.

Katika jimbo la Illinois, Marekani, palikuwa na bibi mmoja akiitwa Elizabeth Packard. Alizaliwa 1816, akaolewa 1839 na kasisi wa Kikristo, Theophilus Packard, aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Walizaa watoto sita. Ugomvi wao haukuwa wa chakula wala wa nguo, wala bibi hakutuhumiwa uchafu wowote. Ugomvi ulikuwa wa itikadi. Mume alikuwa akihubiri kuwa binadamu huzaliwa akiwa mwovu kabisa, hana chembe ya wema ndani yake. Mke akasema haoni hivyo, na akalisema mbele za watu katika darasa la Biblia la kanisa la mumewe mjini Manteno. Hapo ndipo kasisi alipogundua kuwa mkewe, aliyempikia na kumlelea watoto miaka ishirini na zaidi, hana akili!

Sasa tazama sheria ilivyokuwa. Illinois ilikuwa na sheria ya 1851 iliyosema kuwa mtu hatiwi katika hospitali ya wendawazimu mpaka ushahidi wa wazimu wake utolewe kwa njia iliyowekwa. Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo paliachwa mlango wa nyuma. Mke wa mtu angeweza kuingizwa na kuzuiwa humo kwa ombi la mumewe, mradi mkuu wa hospitali akubali, bila ya ule ushahidi uliotakiwa kwa watu wengine. Maana yake nini? Maana yake mwizi wa kuku alikuwa na haki ya kusikilizwa kabla ya kufungwa, na mke wa mtu hakuwa nayo.

Tarehe 18 Juni 1860 wakaja kumchukua. Kwa masimulizi yake mwenyewe, matabibu wawili waliokuwa waumini wa kanisa la mumewe waliingia chumbani, wakamshika mshipa wa mkono, na bila ya kumwuliza hata suala moja wakasema ni mwenda wazimu. Mtoto wake mdogo alikuwa wa miezi kumi na minane. Akakataa kutembea kwa miguu yake kwenda kwenye dhulma, ikabidi abebwe mpaka kwenye gari moshi, akapelekwa Jacksonville. Huko alikaa miaka mitatu.

Mkuu wa hospitali ile, Andrew McFarland, hakuwa mlevi wala mpokea rushwa. Alikuwa tabibu mwenye sifa katika nchi yake, na aliendelea kuamini kuwa bibi yule ni mgonjwa. Nalitaja hili makusudi. Sisi tunapenda kumdhania dhalimu kuwa lazima awe na macho mekundu. Huyu alikuwa mtu mpole, ila alikwisha mwamini mume kabla ya kumsikiliza mke, na baada ya hapo kila neno la mke likawa ni dalili ya maradhi.

Alipotolewa mwaka 1863 hakupata uhuru. Mume alimfungia katika chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe na kuyapigilia madirisha misumari. Barua aliyofanikiwa kuipenyeza nje ikafika kwa rafiki yake, Bibi Sarah Haslett, naye akaifikisha kwa hakimu Charles Starr. Ukweli mwingine wa ajabu wa sheria ile ndio huu: mume aliweza kumtia mkewe hospitali bila kesi, lakini hakuweza kumfungia nyumbani bila kesi. Hakimu akaamuru aletwe yeye na mumewe, na mwezi Januari 1864 kesi ikasikilizwa Kankakee mbele ya watu kumi na wawili wa baraza la mahakama.

Huko ndiko mambo yalikofichuka. Alisimama tabibu mmoja aliyekuwa amekwenda nyumbani kwao kabla bibi hajachukuliwa, akajifanya ni muuza vyerehani ili apate kuzungumza naye. Kisha akatoa hesabu ya sababu zilizomfanya aseme kuwa bibi huyu ni mwenda wazimu. Miongoni mwa sababu hizo ni kuwa alikataa kumpa mkono wakati wa kuagana, na kuwa hapendi kuitwa mwenda wazimu. Wallahi namwomba msomaji aisome tena sababu hiyo ya mwisho. Ni nani katika sisi apendaye? Tabibu mwingine, mtu mwenye elimu ya dini pia, akashuhudia kuwa ameketi na bibi huyo muda mrefu, kuwa katika itikadi zake yako asiyokubaliana nayo, na kuwa yeye hamwiti mtu mwenda wazimu kwa sababu ya kutofautiana naye. Wale kumi na wawili walitoka kwenda kushauriana, wakarudi baada ya dakika saba: ana akili timamu.

Miaka mitatu gerezani, dakika saba kujua kuwa hakustahiki! Na alipotoka mahakamani akakuta mume amekwisha hama jimbo pamoja na watoto, na nyumba wamo watu wengine. Kwa sheria ya siku zile watoto walikuwa wa baba, basi hakuwa na pa kudai. Akaandika vitabu, akavitembeza kuviuza kwa mkono wake, akawaendea wajumbe wa mabaraza ya kutunga sheria jimbo baada ya jimbo. Mwaka 1867 Illinois ikapitisha sheria kuwa hapana mtu atakayefungiwa kwa wazimu bila ya kusikilizwa na baraza la mahakama. Watoto wake alipewa haki ya kukaa nao 1869. Alikufa 1897.

Mtu atasema huyo alikuwa mke wa kasisi wa mji mdogo, huko mashamba. Basi tuvuke bahari twende Uingereza, kwa mke wa waziri. Edward Bulwer-Lytton alikuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya, na mwaka 1858 alipewa uwaziri wa makoloni (wizara ile ile iliyokuja kuushika utawala wa Kenya tangu 1905). Yeye na mkewe Rosina walikuwa wametengana tangu 1836, na watoto bibi akanyang'anywa. Mwezi Juni 1858 mume alisimama Hertford mbele ya wapiga kura wake, na Rosina akatokea kusanyikoni akaanza kuwaeleza watu alivyotendwa. Haikupita muda mrefu akaitwa London kwa njia ya kusuluhishwa, akakutana na matabibu, na jioni yake akajikuta katika nyumba ya wendawazimu ya mtu binafsi huko Brentford. Sheria ya Uingereza ilitaka saini za matabibu wawili. Zilipatikana. Magazeti yalipopiga kelele na watu wakakasirika, akatolewa baada ya kama wiki tatu.

Kwa hiyo mke wa waziri, mwenye jina na marafiki na magazeti, alikaa wiki tatu. Sasa mkadirie mjakazi wa jikoni asiyejua kusoma. Mwaka 1887 mwandishi wa gazeti, Nellie Bly, alijifanya mwenda wazimu akatiwa katika hospitali ya Blackwell's Island huko New York ili aone yaliyomo. Alipokwisha ingia aliacha kujifanya, akasema na kutenda kama afanyavyo siku zote, lakini haikumfaa kitu, na alitoka baada ya siku kumi kwa kuwa gazeti lake lilimtuma wakili. Ndani alikuta wanawake wageni ambao hawakujua Kiingereza, wamefungiwa na matabibu ambao hawakuwaelewa wanasema nini. Hao hawakuwa na gazeti.

Na hapa lazima niguse jambo ambalo najua litawaudhi wengine. Mwaka 1913 Uingereza ilitunga sheria ya watu wenye upungufu wa akili. Miongoni mwa waliowekwa chini ya mkono wake ni mwanamke aliyehesabiwa kuwa na upungufu huo, akawa amezaa au ana mimba ya nje ya ndoa huku akila msaada wa maskini. Kwa maandishi ilitakiwa kwanza upungufu wa akili uthibitike. Kwa vitendo mimba yenyewe ilifanywa kuwa ushahidi. Wasichana maskini wakatiwa ndani na kusahauliwa, mpaka sheria ilipofutwa na nyingine ya mwaka 1959, na hata katika miaka ya 1970 walikuwa wakionekana vikongwe mahospitalini ambao kosa lao la asili lilikuwa ni hilo.

Ziko nyumba ambazo zikisoma habari hii zitasema moyoni: walistahiki. Nasema hapana. Zinaa ni dhambi kubwa, na mimi si wa kuipunguza. Lakini dhambi si maradhi ya akili. Tena ukisema kuwa fulani ni mwenda wazimu umesema kuwa hana dhambi, kwa sababu asiye na akili kalamu imeondolewa juu yake. Basi uchague moja. Ama ana akili, na mlango wa toba uko wazi kwake kama ulivyo wazi kwako, ama hana akili, na hapo hakuna adhabu ya kumpa. Wale walizichanganya mbili hizo, wakamtoza hukumu ya mwenye akili na kumnyima haki ya mwenye akili. Na hao wanaume waliowatia mimba wasichana hao, wao walipelekwa hospitali gani?

Mfano wa Ufaransa ni mgumu zaidi, na ndiyo sababu siuachi. Camille Claudel alikuwa mchongaji wa sanamu. Sanamu si fani ninayoisifia, lakini hilo silo tunalolizungumza. Baba yake ndiye aliyekuwa akimtetea nyumbani. Baba alikufa tarehe 2 Machi 1913, na tarehe 10 Machi, siku nane tu baada yake, binti akachukuliwa akafungiwa kwa ombi lililotiwa saini na mama. Sheria ya Ufaransa ya 1838 iliuita uingizaji wa namna hiyo kuwa ni wa hiari. Hiari ya nani? Ya jamaa! Siwezi kusema kuwa hakuwa na maradhi. Alikuwa akidhani kuwa mchongaji mwenzake mashuhuri anataka kumtilia sumu, na alijifungia peke yake katika hali mbaya. Lakini mwaka 1920 tabibu wa hospitali alimwandikia mama kuwa binti ametulia na anaweza kujaribiwa kurudi kwa jamaa zake. Mama akakataa. Wala hakwenda kumtazama hata mara moja. Ndugu yake wa kiume, Paul, balozi na mshairi aliyesifiwa kwa ucha Mungu wake, alikwenda mara chache katika miaka yote hiyo. Camille alikufa humo Oktoba 1943. Miaka thelathini.

Nimeuleta mfano huu kwa sababu wako wadhanio kuwa dhulma ni kumfungia mzima tu, na kuwa akiwa mgonjwa kweli basi hana tena neno la kusikilizwa. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Anas habari ya mwanamke ambaye akilini mwake mlikuwa na kitu. Alimwambia Mtume (S.A.W.) kuwa ana haja naye. Mtume hakumfukuza, wala hakuwaambia masahaba wamwondoe. Alimwambia achague njia yoyote katika njia za mji aitakayo, naye atamsikiliza, akasimama naye kando ya njia mpaka alipomaliza haja yake. Huyo ni mwanamke ambaye akili yake haikuwa sawa, na aliyesimama kumsikiliza alikuwa na umma mzima wa kuushughulikia.

Sasa nirudi kwa ndugu zangu wasemao yatuhusu nini.

Ni kweli kuwa sheria yetu haikumfanya mke kuwa mali ya mumewe. Mahari ni yake, urithi ni wake, biashara yake ni yake, na mume hana mkono humo ila kwa ridhaa yake. Surat Nisaa imekataza kuwarithi wanawake kwa nguvu, na kuwazuia na kuwabana ili mchukue sehemu ya mlichowapa. Na aliyepungukiwa na akili sura hiyo hiyo imeamrisha alishwe, avishwe na aambiwe maneno mema, wala anayesimamia mali yake hana ruhusa ya kuigeuza kuwa yake. Lakini sheria iliyo katika kitabu haimfai mwanamke aliyefungiwa chumba cha uani. Theophilus Packard naye alikuwa na kitabu, na alikuwa akikisoma kila siku.

Sote tunaijua hali inavyokuwa. Mzee anakufa, anaacha nyumba ya mawe, watoto wa kiume na binti mmoja. Binti akinyamaza, ni mtoto mwenye adabu. Siku akiuliza, "Kaka, na fungu langu?" siku hiyo inaanza kusemwa kuwa tangu kufiwa hayuko sawa. Au mke anagundua kuwa nyumba imeuzwa bila ya yeye kujua, anapiga kelele mpaka majirani wanatoka, na mume anawaambia kwa upole, tena kwa huzuni: "Ndugu zangu mnisamehe, bibi siku hizi ana pepo." Au msichana anakataa mchumba aliyeletwa. Neno linaanza ukumbini, linafika msikitini, linarudi nyumbani limekuwa habari ya kweli. Na baadaye likiletwa karatasi la kutiwa dole, nani atamsikiliza akisema hakulitia kwa khiyari yake?

Atasema msomaji: "Je, sheikh, mke wangu akiugua akili nisimpeleke hospitali?" Mpeleke, tena mapema. Maradhi ya akili yapo, yana matabibu na yana dawa, na mwanamke aliyetoka kuzaa akapotewa na usingizi na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka anahitaji tabibu leo, si kufungwa mnyororo kwa mganga mwezi mzima. Kumnyima mgonjwa matibabu ni dhulma kama kumtia mzima hospitali. Ninalolipinga ni mume, au kaka, au mama, kuwa mdai na shahidi na hakimu katika jambo moja. Mwanafunzi wa fiqhi wa mwaka wa kwanza anajua kuwa ushahidi ni juu ya mdai. Ukidai shilingi mia kwa mtu utaulizwa mashahidi. Ukidai akili yake yote, usiulizwe?

Na sisi tunaoitwa kusoma, nasi tusijitoe katika maneno haya. Mwalimu anaitwa nyumbani ati kuna mwanamke ana jini. Anapokewa barazani na kaka mtu, anaelezwa kisa chote na kaka mtu, anatiwa bahasha mkononi na kaka mtu, kisha ndipo anaingizwa ndani kumsomea dada asiyeulizwa neno. Akitoka anasema, "Naam, kitu kipo." Mwalimu huyo ana tofauti gani na wale matabibu wawili wa Manteno walioshika mshipa wa mkono? Wao angalau walitaka karatasi zao zihifadhiwe, ikapatikana njia ya kuwahoji. Neno la mwalimu haliandikwi popote, na mtaa mzima unaliamini.

Mwalimu akiitwa, bahasha na ibaki mezani. Aingie pamoja na mama mtu mzima wa jirani, asiye wa nyumba ile wala asiyetarajia kitu katika nyumba ile, kaka na mume wangoje nje. Kabla hajafungua mdomo kusoma, amwulize yule mwanamke ana haja gani, kisha anyamaze asikilize mpaka amalize. Aghlabu ataanza na habari ya nyumba.